Mkasi Atapenyaje Kwenye Mkono wa Koti?

Tarehe 12 Januari

Shikamoo Shangazi,

Hii shikamoo ni yangu peke yangu. Ya Baba inakuja mwisho wa barua, maana amesema dada yake mkubwa hawezi kusalimiwa kwa mkupuo mmoja na watoto. Mama naye anakusalimu, anasema wifi yake amekuwa adimu kuliko chenji. Sisi sote wazima. Baba yuko katikati ya msimu wa sare za shule, duka limejaa kaptura mpaka wateja wanaongelea nje. Cherehani ya Babu imeanza tena kutafuna uzi, na Baba anaitukana kwa sauti ndogo ili Mama asisikie. Mama anasikia.

Gauni limefika, ahsante sana. Rangi yake nimeipenda, na vifungo vya mbele vimesifiwa na kila aliyeingia dukani. Limenikaa sawasawa. Baba amenikumbusha niandike kwamba limenikaa sawasawa, na kwamba jicho lako bado ni lile lile la kumpima mteja kutoka ng'ambo ya barabara bila futi.

Sasa jambo lenyewe. Nimemaliza kitabu chako cha nne. Nilikimaliza wiki ile ile kilipofika, kisha nikakirudia taratibu, na huko kwenye kurudia ndiko nilikoanza kuhesabu. Shangazi, Mkasi ana miaka mingapi?

Najua utasema kumi. Kitabu cha kwanza kinasema ana miaka kumi siku anapojificha nyuma ya mlango wa duka la baba yake, fundi cherehani, na kulikuta lile koti kubwa la mteja ambaye hakurudi kulichukua. Anaingia kwenye mkono wa kushoto kwa kichwa, anatambaa gizani, anatokea Nchi ya Bitana, upande wa ndani wa nguo zote za dunia, ambako mito hufunguliwa kwa zipu na Malkia Nondo, mdudu mla nguo, anakula milima. Mpaka hapo sina neno. Lakini vita vya kitabu cha pili vinapita misimu miwili ya mvua. Kwenye kitabu cha kwanza mdogo wake anatambaa, kwenye cha tatu anatembea, kwenye cha nne amevaa sare anakwenda shule. Na dada mtu bado ana kumi! Ukiandika vingine viwili hivi, mdogo mtu atampita, itabidi Mkasi amwamkie.

Sikulaumu, nataka kujua tu. Ulisahau, au ni makusudi? Na kama ni makusudi, ni ya nini?

Shikamoo ya Baba hii hapa: shikamoo dada.

Mwanao,
Kifungo

Nyongeza: Hivi ilikuwa lazima uandike kwenye ukurasa wa shukrani kwamba naitwa Kifungo kwa sababu nilimeza kimoja? Darasa zima limesoma.


Tarehe 6 Februari

Mwanangu Kifungo,

Marahaba, na marahaba nyingine ya baba yako. Wifi yangu mwambie chenji haipotei, iko mfukoni mwa mtu. Nimefurahi kusikia mko wazima. Baba yako naye mwambie ile cherehani haitafuni uzi, inataka kusafishwa chini ya bobini. Tangu utotoni hana subira ya kusafisha kitu.

Mimi niko salama, chini ya ardhi kama siku zote. Chumba cha kushonea cha hoteli hakijahamishwa: kushoto kwangu madobi na mashine zao zinazonguruma, kulia ghala la mashuka, na juu karibu na dari kile kidirisha kinachonionyesha miguu ya wapita njia. Juzi kulikuwa na mkutano wa madaktari, na huwezi kuamini, mashuka yametobolewa kwa sigara. Nimetia viraka mpaka vidole vimekufa ganzi. Asubuhi kabla ya zamu ndipo ninapoandika, juu ya meza ya kukatia mapazia.

Kwa huyo mdogo wake Mkasi umenishika pabaya. Mhariri hakumwona, msahihishaji hakumwona, na mimi mwenye hadithi sikumwona. Nilimkuza bila kujua, kwa vile watoto wachanga wanachosha kuwaandika, hawasemi kitu. Lakini Mkasi ni makusudi. Ana miaka kumi kwa sababu mkono wa koti unamtosha mtu wa miaka kumi. Basi. Mwenye mabega hapiti. Hadithi zina sheria zake, na hiyo ndiyo sheria ya hii.

Nimefurahi gauni limekukaa. Nilikata kama kila mwaka: nachukua kipimo cha mwaka uliopita, naongeza vidole viwili chini na kimoja kifuani. Tangu nihame sijakosea hata mara moja, na sijawahi kuomba vipimo. Mara ya mwisho nilipokupima ulikuwa umesimama juu ya kigoda, unacheka kwa sababu futi inakutekenya.

Naandika cha tano, na ndicho cha mwisho. Mhariri anakitaka mwisho wa Juni. Usiniulize kinaishaje, sitasema. Likizo nayo mwaka huu sioni kama itapatikana, kazi ni nyingi.

Wasalimie wote.

Shangazi yako


Tarehe 3 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hatujambo. Baba amesafisha chini ya bobini, cherehani imenyamaza, na sasa hataki kukubali kwamba ni wewe uliyesema. Mama ana mafua. Mtoto wa kinyozi wa mlango wa pili ameng'oka meno ya mbele, na kila akisema "sisi" anapiga mluzi. Naye anakusalimu. Anakupenda sana, sijui kwa nini.

Jibu lako halikuniingia akilini. Umesema hadithi zina sheria zake, basi nikaenda kutazama wenzake Mkasi wanatawaliwa na sheria gani. Mkutubi wa shule yetu ni mwalimu wa hesabu aliyepewa ufunguo wa maktaba kwa kuwa hakuna mwingine aliyeutaka. Aliponiona nimebeba vitabu vya watoto mpaka kidevuni akaniuliza, "Wewe si umeshakua? Hivi vya nini?"

Nikamwambia, "Hilo hilo ndilo ninalochunguza, mwalimu."

Akanitazama, akaniandikia vyote.

Nimesoma kila hadithi yenye nchi ya ajabu ndani yake, rafu yote ya chini na nusu ya ile inayofuata. Kuna watoto wasiokua kabisa, kama Mkasi wako: dunia inazeeka, wao vile vile, na mwandishi anajifanya haoni. Kuna wanaokulia kule kule ng'ambo, wanakuwa wafalme wenye ndevu, halafu wakirudi nyumbani wanakuta chai haijapoa na wao ni watoto tena. Hao nawaonea huruma kuliko wote. Mtu umetawala nchi, umehukumu kesi, halafu unaambiwa kanawe miguu ukalale! Na kuna wale wengi zaidi, ambao siku wakikua tu mlango unafungwa. Baadhi yao hawaambiwi hata kwaheri. Baadhi wanasahau kila kitu, na mwandishi anasimulia kule kusahau kama vile ni zawadi.

Jambo lingine nimeliona na limenikera. Mvulana akikua kwenye hadithi hizi anapewa upanga. Msichana akikua anapewa gauni refu na mchumba, na kuanzia hapo hasemi tena la maana. Kuna mmoja alikuwa akibishana na mto kitabu kizima, mto wenyewe ulikuwa unamwogopa. Alipovaa lile gauni akabaki kutabasamu.

Sijapata hata mmoja anayekua na bado anaingia na kutoka apendavyo. Hakuna kabisa, Shangazi? Au maktaba yetu ndiyo haina vitabu?

Sikuulizi kitabu cha tano kinaishaje. Nauliza tu kama Mkasi atakua. Hilo ni swali jingine.

Baba ananiita nikae kwenye cherehani ya Babu anione. Nimemwambia nakuandikia wewe, ameniacha.

Kifungo


Tarehe 19 Aprili

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Wifi mpe pole ya mafua, ingawa najua yamekwisha zamani na atanicheka. Hapa hoteli inabadilisha mapazia ghorofa zote. Meneja amechagua rangi ya kijivu, wageni wataamka wakidhani mvua inanyesha humo ndani. Barua yako nimekaa nayo kwenye mfuko wa aproni nikiisoma wakati wa chai. Madobi walivunjika mbavu kwa habari ya mfalme mwenye ndevu anayeambiwa akanawe miguu.

Hakuna, mwanangu. Maktaba yenu inavyo vya kutosha. Mimi pia nilitafuta, wala sikumpata huyo unayemtaka.

Na lile swali lako la pembeni ni swali lile lile, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini nitakujibu, maana ukija kulikuta jambo kitabuni bila kuambiwa utaninunia. Mkasi atakua. Anakua katika sura ya mwisho, kwa mara moja. Anaingiza kichwa kwenye mkono wa koti kama siku zote, mabega yanakwama. Anajaribu mkono wa kulia, yanakwama. Anasikia sauti za Bitana zikimwita kutoka upande wa pili, zinafifia. Kisha baba yake analishusha koti msumarini, anaushona mkono ule kwa uzi mnene asije mtoto mwingine akakwama, na Mkasi anakaa kwenye cherehani na kuanza kazi. Hapo ndipo mwisho. Mhariri ameupenda, anasema amelia.

Usidhani nimemwonea. Nimeandika kilichotokea. Nyumbani kwetu wakati wa babu yako, mtoto kukua hakukuwa na maneno mengi. Kulikuwa na pedeli. Unakalishwa kwenye kiti cha cherehani, na siku nyayo zako zikilala bapa juu ya pedeli bila kunyoosha vidole, siku hiyo utoto umekwisha. Zangu zilifika nikiwa na miaka kumi na moja. Kabla ya siku ile nilikuwa na hadithi kichwani saa zote, nilikuwa nazisimulia hata kuta. Baada ya siku ile nilishona kaptura. Hadithi ziliisha. Zilirudi nilipokuwa mtu mzima, huku, peke yangu, chini ya hili dirisha la miguu. Ndiyo maana Mkasi ana kumi. Sikutaka afike kumi na moja, na sasa anafika kwa sababu tu kitabu lazima kiishe.

Wewe endelea kusoma. Bado una muda.

Shangazi


Tarehe 27 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima, Mama amepona, Baba mzima, kinyozi mzima. Salamu zimekwisha.

Sina muda, Shangazi. Umeandika bado nina muda, na mimi sina. Nina miaka kumi na tatu na nyayo zangu zimefika kwenye pedeli. Zilifika tangu mwaka juzi, na nimekuwa nikikaa ukingoni mwa kiti na kukunja magoti ili Baba asione. Mwezi uliopita akaona. Hakusema kitu kikubwa. Alisema tu, "Kumbe tuna fundi humu ndani!" akacheka, akanipa kaptura nianze kupinda. Kwake ilikuwa furaha. Mimi nilikwenda chooni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshasoma rafu yote ya chini na nilijua maana yake. Halafu ndiyo ikaja barua yako kugonga muhuri.

Kuna jingine, na Baba atanichinja nikilisema. Magauni hayanikai. La mwaka huu limegoma mabegani. La mwaka jana liligoma, na la mwaka juzi pia. Nimefuata urefu wa upande wa Mama, sikui kwa vidole viwili viwili, kuna mwaka nilipanda karibu shubiri nzima. Baba alisema tusikwambie, kwamba jicho lako ndiyo fahari yako na uko mbali peke yako. Kwa hiyo kila mwaka nalivaa gauni lako kidogo, mgongo uko wazi nusu nzima, Mama anasema "limemkaa" ili tusiwe waongo kabisa, kisha linakwenda kwa mtoto wa kinyozi. Anayo magauni yako yote. Mtaa mzima hakuna mtoto anayevaa kama yeye. Ndiyo maana anakupenda.

Barua yako ilinikasirisha mpaka nikamwuliza Baba. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, yeye anapiga pasi. Nikasema, "Hivi Shangazi aliacha hadithi miguu ilipofika kwenye pedeli?"

Akaweka pasi chini. "Nani kasema?"

"Mwenyewe."

"Dada? Aache hadithi?" Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mimi ndiye niliyekuwa chini ya hii meza naokota vipande. Yeye huku juu anakanyaga, huku anasimulia. Cherehani ikienda kasi anapaza sauti, babu yako anamfokea kwamba wateja wanasikia. Huyo Malkia Nondo wake mimi nimemjua nikiwa hata shule sijaanza, chini ya meza hii hii. Nilikuwa naogopa kugusa kola, nikidhani yumo ndani!"

Nikamwuliza kama ana uhakika. Akasema mtu hasahau kitu kilichomtisha.

Kwa hiyo hazikuisha, Shangazi. Sijui wewe unakumbuka nini. Labda unakumbuka siku moja tu, ile ya kwanza, kwa kuwa uliilia kama mimi. Na hata bila Baba, mimi nina swali: kama ziliisha, hivi vitabu vinne kaviandika nani?

Ndani ya bahasha kuna uzi. Nimesimama ukutani, Mama akaupima kutoka kisigino hadi utosini. Fundo la kwanza ni goti, la pili kiuno, la tatu bega. Usiongeze vidole vyako. Utundike tu, uutazame.

Usimfungie Mkasi nje kabla hujautazama.

Kifungo


Tarehe 30 Juni

Mwanangu Kifungo,

Marahaba. Wasalimie wote, na kinyozi na binti yake pia, ambaye naona ndiye mteja wangu mkubwa na hakuna aliyenitambulisha.

Nimekaa kimya, najua umeninung'unikia. Kwanza nilikasirika. Sikukukasirikia wewe, nilimkasirikia baba yako. Miaka yote hiyo mimi najisifu kwa madobi kuhusu jicho langu! Nilimwandikia barua ya kumtolea uvivu, nikaichana. Uzi wako sikuutundika. Niliutia kwenye kopo la vifungo nikafunika.

Halafu siku moja dobi mmoja, yule mama mnene anayependa kuimba, akaja kuomba kifungo cha aproni. Akatumbukiza mkono koponi, akaukamata uzi, akavuta. Ukaja, ukaja, ukaja. "Huu mrefu hivi wa nini?" Nikamwambia ni kipimo cha mtoto wa mdogo wangu. "Mtoto?" Akaikanyaga ncha moja, akainua nyingine, akaniweka mimi pembeni yake. Fundo la bega likanifikia kidevuni. Akasema, "Huyu mtu ukikutana naye mlangoni, wewe ndiye utakayempisha."

Basi nikautundika. Uko hapa mbele yangu, kwenye msumari wa futi. Mwanzoni nililia kila nilipoinua macho, sikufichi. Mimi nilikuwa namshonea mtoto wa juu ya kigoda, na mtoto wa juu ya kigoda alishashuka zamani akaenda zake. Zile likizo zangu nazo zilikuwepo, Kifungo, kila mwaka. Niliogopa kuja kukuta kigoda kitupu.

Kisha udadisi ukanishika. Mtu mwenye mabega haya anatembeaje? Akikasirika anasimama wapi? Malkia Nondo akimwona ataanza na neno gani? Nikagundua kwamba Mkasi wa miaka kumi namjua kama kiganja changu, na wa kumi na tatu simjui hata kidogo, na huko kutomjua kulinipa hamu ya kuandika ambayo sijaipata tangu kitabu cha kwanza.

Habari ya chini ya meza nimeikumbuka, ingawa si yote. Nakumbuka mkono mdogo unatoka chini kunipa vipande, na sauti inauliza, "Halafu?" Mwambie baba yako nilikuwa nimesahau kwamba kulikuwa na mtu anasikiliza.

Sasa sikiliza na wewe. Nimemwomba mhariri aningoje mwezi mmoja. Amenuna, anasema amelia bure. Sura ya mwisho nimeifumua yote. Mkasi ana miaka kumi na tatu. Anaingiza kichwa kwenye mkono wa koti, mabega yanakwama, kama mwanzo. Lakini huyu ni mtoto wa fundi, na mimi nilikuwa nimemsahaulisha hilo! Ukoo wetu mzima umeshona sare. Ni fundi gani anayemshonea mtoto bila kukunja kitambaa cha akiba ndani ya mshono, ili akikua nguo iachiwe? Jibu ni mimi. Magauni yako yote sikukunja akiba hata kwenye moja. Nilijiamini mno. Lakini aliyelishona lile koti alikuwa fundi bora kuliko mimi. Mkasi amekwama gizani, anapapasa mshono kwa vidole kama alivyofundishwa, na anaukuta mkunjo mnene umelala pale tangu siku koti liliposhonwa. Anafumua kwa meno, kwa kuwa mikono imebanwa. Mkono wa koti unaachia. Anapita na mabega yake.

Na Bitana siyo ile ile. Hili lilinishangaza mwenyewe nikiwa naandika. Milima imekuwa mifupi, anaona kilichoko nyuma yake. Mto wa zipu hauwi mchezo tena, anataka kujua nani aliushona na kwa nini. Malkia Nondo hamfokei. Anamkaribisha kiti na kumwuliza habari za nyumbani, na hapo Mkasi anaogopa kwa mara ya kwanza katika vitabu vyote vitano. Halafu anarudi, na kesho yake anakaa kwenye cherehani, kwa sababu kaptura zipo, mwanangu, sitakudanganya, zipo na zinachosha. Lakini koti liko msumarini nyuma yake, na hakuna aliyeuziba mkono wake kwa uzi.

Nashona gauni upya. Litachelewa.

Shangazi yako


Tarehe 22 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mama anakusalimu. Barua yako Baba aliisoma dukani kwa sauti, mbele ya mteja anayesubiri suruali. Alipofika kwenye "Halafu?" akasema vumbi la kitambaa limemwingia machoni, akanipa mimi nimalizie. Mteja naye akasubiri mpaka mwisho, suruali yake ilikuwa tayari zamani. Baba hajanichinja.

Nashona Jumamosi na siku za likizo. Umesema kweli, zinachosha. Lakini wiki iliyopita nilikuwa napinda kaptura nikajikuta nawaza kuhusu mfuko uliotoboka. Vitu vyote vinavyodondoka humo vinamwangukia nani? Anavifanyia nini? Nikamweleza mtoto wa kinyozi, ambaye siku hizi anakaa chini ya meza akiokota vipande. Cherehani ilikuwa inakwenda kasi, ikabidi nipaze sauti.

Kile kikaratasi chako cha kwenye mfuko wa gauni tumekiona. Umeandika utakuja likizo Desemba, na Desemba siyo mbali. Kigoda hakiko kitupu, Mama anakiwekea ndoo.

Na gauni lenyewe. Baba kwa mazoea alianza kusema, "Andika limenikaa sawasawa," akajicheka, akasema andika utakavyo. Basi naandika nitakavyo: halijanikaa. Ni kubwa, Shangazi. Mabega yananizidi, chini linaburuta, na nilipopapasa mshono nikakuta umekunja akiba nyingine juu ya huo ukubwa. Uzi wangu unao, kwa hiyo najua hujakosea. Mama ametaka kulipunguza, nikamnyang'anya mkasi. Nimelitundika nyuma ya mlango wa duka.

Jioni ile ile mtoto wa kinyozi alikuja kama kila mwaka, amenawa, amechana nywele, kuchukua gauni lake. Alisimama akalitazama kutoka kola mpaka sakafuni. Meno yake yameota, hapigi mluzi tena.

"Hili pia limekukataa?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Safari hii ni langu. Sijalifikia tu."

Mwanao,
Kifungo